Tusiwape Watoto wa Kereng'ende Majina kwa Haraka

Mwaka mmoja, nilipokuwa mwalimu wa darasa la sita katika shule iliyo chini ya milima ya Usambara, niliwapeleka wanafunzi wangu kijitoni kutazama wadudu wa majini. Tulichukua chujio la chai lililofungwa kwenye fimbo ndefu, na bakuli jeupe la bati, na vitabu vya kuandikia. Kabla hatujaondoka nilikuwa nimewafundisha hivi: "Buu wa kereng'ende mwembamba mtamjua kwa mikia yake mitatu iliyo kama majani." Wakaandika, wakakariri, tukaenda zetu.

Tuliporudi nilisahihisha kazi zao. Kijana mmoja mkimya, aliyekaa nyuma kabisa, alikuwa amechora buu mwenye mikia miwili tu; tena si mikia iliyo kama majani, bali miiba miwili mirefu, iliyonyooka kama sindano. Nikaitia picha yake alama nyekundu. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba hakutazama vema, au kwamba mkia mmoja ulikuwa umekatika naye hakutambua. Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, nimewaona wanne, na wote wana miwili miwili." Nikamwambia akae chini.

Yule kijana alisema kweli, nami ndiye niliyekosa. Miaka kadhaa ilipita kabla sijalijua kosa langu. Kwa ajili yake naandika maneno haya, ili niwaambie ninyi mnaosoma sasa jambo ninaloliamini: haifai kumpa buu wa kereng'ende jina kwa kumtupia jicho mara moja, wala kwa kutazama rangi yake, wala kwa kanuni moja iliyokaririwa. Na mwanafunzi asemaye, "Jamaa yake naijua, lakini aina yake siijui bado," amejibu vema kuliko yule atajaye jina la kubahatisha.

Kwanza tuelewane tunasema habari za nani. Jina hili la kereng'ende lenyewe limebebeshwa mzigo wa watu wawili. Wako wamwitao hivyo ndege fulani wa jamaa ya kwale, mwenye miguu myekundu. Tena ndilo jina la mdudu yule wa mabawa manne maangavu arukaye juu ya maji. Sisi twamtaka mdudu. Na katika wadudu hao mna makabila mawili. Wa kwanza ni wanene, wenye nguvu ya kuruka, na wakitua huyatandaza mabawa yao kama mtu aliyenyosha mikono. Wa pili ni wembamba kama njiti ya ufagio. Macho yao yametengana, kila moja upande wake wa kichwa. Na wengi wao wakitua huyafunga mabawa juu ya mgongo kama mtu afungavyo kitabu. Nasema "wengi wao," maana wako wembamba wengine watuao na mabawa nusu wazi. Mtaona kwamba neno "wengi" litarudi mara nyingi katika habari hii, wala si kwa uvivu wa mwandishi.

Wazima twawaona juani, lakini utoto wao wapita majini. Jike la kereng'ende mwembamba hutoboa bua la jani, au mti uliooza majini, akalitia yai ndani yake. Yai likianguliwa hutoka buu mdogo sana, naye hula na kukua, hujivua gamba kama nyoka, hukua tena na kujivua tena. Mara kumi hivi, na wengine zaidi, kabla ya siku ya kutoka majini. Hapiti katika usingizi wa kifukoni kama apitavyo kipepeo. Akiiacha ngozi ya mwisho, amekwisha kuwa na mabawa.

Sasa mtieni buu mmoja katika bakuli jeupe lenye maji kidogo, mngoje atulie. Ana kichwa kipana, kifua, miguu sita mirefu myembamba, na tumbo refu la pingili kumi kama muwa. Mwisho wa tumbo mtaona, katika wengi wao, majani matatu membamba. Hayo tumezoea kuyaita mikia, lakini kazi yake ni zaidi ya mkia. Ndani yake mmepita mirija midogo ya hewa, iliyotawanyika kama mishipa ya jani, na kwa njia hiyo buu huipata hewa iliyo ndani ya maji. Ni matamvua yake, ila yamewekwa nyuma badala ya kuwekwa shingoni kama ya samaki. Tena akiogopa huyatikisa kulia na kushoto, mwili mzima ukijipinda, akaogelea kama samaki mdogo.

Buu wa kereng'ende mnene hana majani hayo. Huyo ni mfupi, mpana, na matamvua yake yamefichwa ndani ya mwisho wa utumbo. Huyavuta maji kwa nyuma na kuyatoa, na akitaka kukimbia huyafyatua kwa nguvu, yakamsukuma mbele. Hao wawili hamtawachanganya mkiisha kuwaona pamoja katika bakuli moja.

Mtakayemchanganya ni mdudu mwingine wa vijito, ambaye akiwa mzima huishi kwa saa chache au siku chache tu. Buu wake naye mara nyingi ana mikia mitatu. Lakini itazameni: ni nyuzi, si majani, na matamvua yake yamepangwa ubavuni mwa tumbo, yakipigapiga maji. Mwisho wa kila mguu ana ukucha mmoja, ambapo buu wa kereng'ende ana kucha mbili. Nimewaona wanafunzi wakibishana kwa nusu saa juu ya mikia, na jawabu lilikuwa katika ukucha.

Lakini kiungo kimoja chawapambanua kereng'ende, wanene kwa wembamba, na wadudu wote wengine wa majini, nacho ndicho ningewataka mkitazame kabla ya mikia. Mgeuzeni buu taratibu, tumbo juu. Chini ya kidevu mtaona kitu kama mkono uliokunjwa kiwikoni. Huo ni mdomo wake wa chini. Wataalamu wameulinganisha na barakoa, kwa sababu hufunika sehemu ya chini ya uso, nasi watu wa pwani twaijua barakoa tangu zamani. Lakini barakoa hii si ya kusitiri haya. Buu hukaa kimya juu ya jani, kama kwamba hana habari. Kiluwiluwi cha mbu kikipita mbele yake, mdomo ule hukunjuka ghafula, huruka mbele, na kulabu mbili zilizo mwisho wake humkamata mwenye kupita. Kisha hukunjwa tena na kukileta chakula kinywani. Jambo lote hutendeka upesi hata jicho lisiweze kulifuata. Mtaona tu kwamba kiluwiluwi kilikuwapo, na sasa hakipo. Mimi nimekaa jioni nzima nikilitazama jambo hilo, na chai yangu ikapoa.

Basi, tukiisha kujua kwamba huyu ni mtoto wa kereng'ende mwembamba, twataka kujua ni wa aina gani. Hapo ndipo haraka inapoingia. Mwanafunzi huona buu wa kijani na buu wa hudhurungi, akaandika: aina mbili. Ole wake. Rangi ya buu ni shahidi wa uongo. Aina ile ile yaweza kuwa ya kijani katika majani ya dimbwi, na ya hudhurungi penye tope na majani makavu. Aliyejivua gamba leo asubuhi huwa mweupe mweupe, laini, kama asiye wa ukoo huo. Baada ya muda rangi humrudia. Tena mdogo na mkubwa wa aina moja hawafanani madoa.

Msidhani kwamba wazima nao wameokoka na shida hiyo. Yuko kereng'ende mwembamba wa madimbwi apatikanaye Afrika nzima mpaka Asia, jina lake katika vitabu ni Ischnura senegalensis. Majike yake ni ya namna mbalimbali: mengine yana rangi kama ya dume, mengine hayana, na yaliyo machanga huwa ya rangi ya chungwa. Mtu aliyewakusanya wote kwa rangi angesema amepata aina tatu, kumbe ana moja mkononi. Ikiwa mzima aliye juani hutudanganya hivyo, itakuwaje mtoto aliye katika tope?

Ukubwa nao haufai peke yake, kwa maana buu mkubwa wa aina ndogo hulingana na buu mchanga wa aina kubwa. Tazameni kwanza mgongoni. Buu akikaribia utu uzima huwa na ala za mabawa, kama ala ndogo za visu, zimelala juu ya tumbo. Ala zikiwa fupi, bado mtoto. Zikiwa ndefu na zimevimba, siku zake za majini zimekaribia kwisha. Maelezo mengi ya wataalamu yamefanywa kwa mabuu waliofika hali hiyo ya mwisho, na mkiyatumia kwa mtoto mchanga mtapotea njia.

Na majani ya mkiani? Hayo yana thamani, lakini yana hila. Buu akikamatwa mkia na samaki au na mwenziwe, huuacha, kama mjusi. Jani lililoachwa huota tena katika kujivua kunakofuata, lakini huwa dogo kuliko mengine. Kwa hiyo mtawaona wenye majani matatu sawasawa, wenye mawili, wenye moja, na wenye mawili makubwa na moja dogo, nao wote ni ndugu. Hiyo ndiyo sababu niliyoishika nilipomhukumu yule kijana: nilijua kwamba mikia hukatika, nikadhani nimejua yote. Nusu ya elimu ilinifanya mkali kuliko ujinga mtupu.

Sikiliza sasa yaliyo imara zaidi. Nitaeleza jamaa tatu tu, kwa sababu wanne au watano wangewachosha, na hao watatu mwaweza kuwapata.

Katika vijito vyenye kivuli, penye mizizi inayoning'inia majini, hukaa buu mwenye miguu mirefu sana, atembeaye polepole kama mzee. Kitazameni kichwa chake. Kila buu wa kereng'ende ana vipapasio viwili mbele ya macho, navyo vina pingili. Katika wengi pingili ya kwanza ni fupi. Katika jamaa hii pingili ya kwanza ni ndefu mno, yakaribia kulingana na zote zilizobaki zikiungwa pamoja, au hata kuzipita, hata vipapasio vyaonekana kama pembe. Tena barakoa yake ina ufa katikati. Miongoni mwa watu wa jamaa hii katika nchi zetu ni Phaon iridipennis, mkubwa, ambaye akiwa mzima mabawa yake humetameta akipita katika mwanga. Hapo kipapasio kimetosha kutaja jamaa, wala hatukuhitaji rangi.

Jamaa ya pili hupenda madimbwi yanayojazwa na mvua, ambayo baadaye hukauka. Watoto wake hawana muda wa kupoteza, nao hukua upesi. Alama yao ni barakoa. Katika wengine mdomo ule uliokunjwa ni mfupi na mpana, lakini wa hawa ni mwembamba mwanzoni, mpana mwishoni, kama mwiko, na ni mrefu hata ukikunjwa hufika nyuma penye mizizi ya miguu ya mwisho. Ndio wale niliosema kwamba wazima wao hutua na mabawa nusu wazi. Jina lao ni Lestes.

Jamaa ya tatu ndiyo ya yule kijana. Hukaa katika mito na vijito vyenye mawe na maji yaendayo kasi, wamejibana katika magogo na mizizi. Wao hawana majani matatu. Matamvua yao ya pembeni ni kama miiba miwili mirefu yenye ncha, na lile la katikati limepungua hata kuwa kitu kidogo kisichoonekana kwa jicho la haraka. Si kwamba mkia umekatika. Ndivyo walivyoumbika, mmoja baada ya mwingine, kama alivyosema. Mmoja wao ni Platycypha caligata. Dume lake likiwa zima lina tumbo la buluu, na miguu yake imepanuka, nyekundu upande mmoja na nyeupe upande wa pili. Huruka mbele ya jike akiichezesha miguu hiyo kama mcheza ngoma mwenye njuga. Nimewaona wakicheza juu ya gogo palepale tulipokuwa tumechota na chujio letu. Nilikuwa nawajua wazima kwa furaha, na watoto wao nikawakana.

Kutoka jamaa mpaka aina ndipo njia inapokuwa nyembamba. Hapo lazima kuhesabu nywele ngumu zilizo ndani ya barakoa, ngapi upande huu na ngapi upande ule. Kutazama meno ya kulabu. Kuona kama jani la mkiani limegawanyika katikati kwa mstari, nusu ya kwanza ngumu na nusu ya pili laini. Kutazama mirija ya hewa imepita wima au mshazari. Kazi hiyo yataka kioo cha kukuzia, na mara nyingine darubini ya maabara. Nasema wazi kwamba shule nyingi haziwezi, wala si aibu.

Najua wako watakaouliza, "Ya nini taabu yote hii? Buu ni buu. Atakua, ataruka, ndipo tutakapompa jina." Nimelisikia neno hilo kwa walimu wenzangu, tena watu wa akili. Nawajibu kwa mifano miwili ya nchi zetu wenyewe.

Katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanganyika ya zamani, ambayo sasa ni Tanzania, yuko kereng'ende mwembamba mkubwa kuliko wembamba wote wa Afrika, Coryphagrion grandis. Alipewa jina mwaka 1924. Watoto wake hawakai mtoni wala ziwani. Hukaa katika maji ya mvua yaliyojaa ndani ya matundu ya miti, katika giza, nao hula viluwiluwi vya mbu na wadudu wengine walio humo. Ndugu zake wa karibu hawako Afrika. Wako Amerika ya Kati na ya Kusini, ng'ambo ya bahari, nao pia hulea watoto katika maji madogo yaliyowekwa na mimea. Maelezo ya buu wake na maisha yake yalichapwa na Viola Clausnitzer pamoja na Lindeboom mwaka 2002. Hesabuni: miaka 78 tangu mzima kupewa jina. Muda wote huo mtu akiona tundu la mti lenye maji na vidudu, angeweza kusema, "Haya ni mazalio ya mbu," akaliziba kwa udongo. Na mla mbu angekufa pamoja na mbu, bila mtu kujua ni nani aliyeuawa. Sisemi kwamba tuyaache mazalio ya mbu karibu na nyumba zetu. Nasema tutazame ndani kabla ya kuziba.

Mfano wa pili uko Amani, katika milima ile ile ya Usambara. Mwaka 1962 Elliot Pinhey alimpa jina kereng'ende mwembamba wa msitu wa huko, Amanipodagrion gilliesi. Wataalamu wamemhesabu katika wale walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, kwa sababu makao yake yanayojulikana ni madogo mno, kijito cha msituni. Mzima huonekana kwa msimu. Buu yumo majini siku nyingi zaidi. Ikiwa hatuwezi kumtambua mtoto, basi kwa sehemu kubwa ya maisha yake hatujui kama yupo au hayupo, na mtu akikata miti ya ukingo na jua likaingia majini, hakuna wa kutoa ushahidi.

Wako waliolijua jambo hili mapema. Philip Corbet alifanya kazi Jinja, Uganda, penye Ziwa Viktoria, katika miaka ya 1950, naye alichapisha maelezo ya mabuu ya kereng'ende wa Afrika Mashariki mwaka 1956 na 1957. Lakini kazi haijaisha. Mwaka 2014 Klaas-Douwe Dijkstra na huyo Viola Clausnitzer walitoa kitabu kikubwa cha kereng'ende wa sehemu hizi, chenye aina zaidi ya 500; nacho ni kitabu cha kuwatambulia wazima. Watoto wa wengi wao bado hawajaelezwa na mtu yeyote. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye bakuli jeupe na subira aweza kukutana na buu ambaye hata wakubwa hawamjui. Hilo halitokei katika somo la hesabu.

Basi tufanyeje? Njia ya hakika ni moja, nayo ni ya kale: mlee mpaka atoke. Chukueni buu mmoja au wawili tu, wenye ala zilizovimba, na wengine mwarudishe palepale mlipowatoa. Msiingie kwa miguu katika maji yaliyosimama yenye konokono, kwa ajili ya kichocho. Choteni mkiwa ukingoni. Kila buu awe na chupa yake yenye mdomo mpana, kwa maana wakiwekwa pamoja atabaki mmoja aliyeshiba. Maji yawe ya palepale alipotoka, si ya bomba. Mtieni kijiti kinachopanda juu ya maji, mfunike chupa kwa kitambaa cha chandarua, mweke kivulini. Mlisheni viluwiluwi vya mbu, msikose kuvihesabu. Na mchoreni siku ya kwanza: vipapasio, barakoa, ala, mikia.

Mimi nilijaribu kumlea mmoja wa wale wenye miiba miwili, miaka mingi baada ya kumwambia yule kijana akae chini. Wa kwanza alikufa siku ya tatu. Nilikuwa nimemtoa katika maji yaendayo kasi nikamtia katika maji yaliyolala, naye hakupata hewa ya kumtosha. Wa pili nilimchukua amekomaa kabisa, nikawa nabadili maji ya kijito kila asubuhi na jioni. Siku ya pili, jua lilipokuwa limepanda kidogo, alipanda kijiti. Akakaa kimya. Mgongo wake ukapasuka nyuma ya kichwa, kikatoka kifua, kisha kichwa, kisha miguu. Akapumzika hata nikadhani amekufa. Ndipo akaushika kijiti na kulivuta tumbo lake nje. Mabawa yalikuwa kama karatasi iliyokunjwakunjwa, yakajinyosha polepole.

Nikangoja rangi ya buluu na miguu ya ngoma. Haikuja. Kereng'ende aliyetoka sasa hivi huwa hana rangi zake. Huzipata baada ya siku kadhaa, na huyu hakuwa wa kukaa chupani siku hizo zote. Nilimfungulia kitambaa, akapanda juu ya mchungwa akaenda zake. Kwa hiyo hata leo nikiulizwa aina yake nasema: jamaa naijua, aina siijui kwa hakika. Na mkaguzi mmoja wa shule aliyesikia jawabu hilo alicheka, akasema kwamba mtihani hautoi maksi kwa "sijui." Mimi naona ungetoa. Afadhali nusu maksi kwa mwenye kuchora alichokiona, akaacha mahali pa jina patupu, kuliko maksi nzima kwa aliyenakili jina ubaoni na mikia mitatu juu yake. Jina lililo tupu laweza kujazwa mwakani. Jina la uongo likiisha kuandikwa kwa wino, wengine hulinakili, na anayekuja kulifuta huonekana mkaidi, kama alivyoonekana kijana wangu.

Aliyeruka aliniachia ngozi yake juu ya kijiti, nyepesi, kavu, rangi ya chai. Kila kitu kimo humo: vipapasio, kucha mbili mbili, barakoa iliyokunjwa chini ya kidevu, na miiba miwili nyuma. Niliiweka katika kisanduku cha kiberiti juu ya pamba, pamoja na karatasi yenye tarehe na mahali. Kisha nikamtafuta yule kijana, ambaye sasa ni mtu mzima, fundi wa baiskeli, mwenye watoto wawili. Nikamfungulia kisanduku. Akafuta mafuta mikononi, akakipeleka kwenye mwanga, akatazama muda mrefu. "Miwili," akasema.

Nikamwambia, "Miwili, bwana." Akanirudishia kisanduku, akaendelea na gurudumu lake.